Wachezaji Wetu Huenda Wapi Mpira Ukiisha?

Mnamo tarehe 2 Februari 2004, huko Tunisia, timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, iliilaza Burkina Faso kwa mabao matatu bila jibu. Waliofunga ni Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Ushindi huo haukuwapeleka vijana wetu robo fainali, maana walikuwa wamekwisha kufungwa 3-1 na Mali na 3-0 na Senegal. Lakini ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulikuwa tumekwenda kwenye mashindano hayo mara nne kabla ya hapo, mwaka 1972, 1988, 1990 na 1992, na mara zote nne tulirudi nyumbani bila ya kumshinda mtu. Si ajabu, basi, kwamba kikosi kile kingali kinatajwa vibarazani kwa heshima ambayo aghalabu huwekewa marehemu.

Nimekuwa nikijiuliza, nami leo nawauliza walimu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu: watu wale wako wapi? Simaanishi anwani zao. Mwanamume aliyeshika kazi moja tu tangu akiwa na miaka kumi na saba, kazi ya kuufukuza mpira, kisha ikamtoka mikononi akiwa na miaka thelathini na miwili au mitatu, huifanyia nini ile miaka thelathini mingine iliyobaki? Mwalimu hustaafu akiwa na mvi. Mvuvi wa Ngomeni huendelea kuvua mpaka macho yasipoweza tena kuiona mishipi. Mchezaji wa kandanda hustaafu wakati wenzake wa darasani ndiyo kwanza wanapandishwa vyeo.

Swali hili si la wapenzi wa michezo peke yao. Tangu Marereni na Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, ukapita Mambrui, ukavuka daraja la mto Sabaki ukaingia Malindi, ukateremka Gede na Matsangoni hadi Kilifi mjini, hakuna jioni ya kiangazi utakayokikuta kiwanja kitupu. (Hata sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, iliyoanza kutumika Agosti 2017, haikuwaweza watoto. Walipokosa mifuko ya kufungia mpira walirudia matambara na kamba za katani, kama walivyofanya babu zao.) Katika kila kiwanja pana mvulana mmoja au wawili ambao kijiji kizima kimekwisha kuwaahidi Ulaya. Wao wenyewe wameamini. Kitabu kimekuwa mzigo, na mwalimu anayewakumbusha hesabu anaonekana adui wa kipaji.

Nami huwahurumia walimu hao, kwa sababu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yanapotoka. Kundi la kwanza ni la wale wanaouona mpira kuwa uhuni, wanaompiga mtoto marufuku asiende kiwanjani mpaka apate alama fulani. Mtoto hutii kwa mwezi mmoja, kisha huacha vyote viwili. Kundi la pili ni hatari zaidi, japo husifiwa. Hili ni la shule zinazowasaka vijana wenye miguu mizuri kutoka vijiji vya mbali, zikawasamehe karo, zikawapa kitanda na jezi, zikashinda vikombe vya wilaya na vya mkoa enzi hizo, na sasa vya kaunti na vya taifa, wala zisijali kama kijana huyo aliingia darasani. Nimekutana na zaidi ya mmoja wa vijana hao baada ya kidato cha nne. Kikombe kilibaki kwenye kabati la mwalimu mkuu, naye kijana akatoka na cheti kisichoweza kumfungulia mlango wa chuo chochote. Akarudi ufuoni kuwauzia watalii vinyago.

Tuwarudie mashujaa wa Tunisia, maana maisha yao ni darasa tosha.

Nitaanza na kocha wao, Jacob Mulee, ambaye Wakenya wamemzoea kwa jina la utani la Ghost. Mulee aliendelea kufundisha mpira, akarejeshwa kuinoa Harambee Stars mwaka 2020 na kuondoka mwaka uliofuata. Lakini muulize mama anayeuza mahamri asubuhi pale Maweni kama anamjua Mulee, naye atakujibu kuwa anamjua sana: ni yule wa redioni. Ndiye mtangazaji mwenza wa Gidi katika kipindi cha asubuhi cha Radio Jambo, akizungumza Kiswahili kwa mamilioni ya watu ambao baadhi yao hawajali kabisa nani kamfunga nani. Kazi iliyompa umaarufu zaidi ni ile ya ulimi, si ya filimbi. Walimu wa Kiswahili walizingatie hilo. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba lugha yetu itawapatia ualimu au ukarani. Redio na televisheni zinamtafuta mtu anayeujua mchezo kwa ndani na anayeweza kuusimulia kwa lugha yenye ladha, na watu hao ni adimu kuliko washambuliaji.

Nahodha alikuwa Musa Otieno, mlinzi aliyecheza miaka mingi katika klabu ya Santos ya Cape Town, Afrika Kusini, klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya huko katika msimu wa 2001-2002. Otieno hakuwa mchezaji wa madoido. Alikuwa mtu wa kupanga, wa kuwapigia wenzake kelele wasimame pahali panapofaa. Tabia hiyo ya uwanjani ndiyo iliyomfuata nje ya uwanja: alianzisha wakfu wa kuwalea vijana kwa njia ya mpira, na akawahi kuwa kocha msaidizi wa timu ya taifa. John Baraza, yule aliyefunga bao la tatu dhidi ya Burkina Faso, naye aliingia katika ukocha. Alikuwa katika kikosi cha Sofapaka kilichotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2009, na baadaye akawa kocha wa klabu iyo hiyo.

Yupo pia Robert Mambo Mumba, jina ambalo msomaji wa Kaloleni au Ganze hahitaji kuelezwa limetoka upande gani wa nchi. Huyu alicheza Ubelgiji, kisha akakaa Uswidi miaka mingi kuliko wengi wa wenzake. Ninamtaja kwa sababu moja. Vijana wetu wakisema Ulaya humaanisha Uingereza, na wakisema Uingereza humaanisha vilabu vinne wanavyovitazama kwenye vibanda vya video siku ya Jumamosi. Ulaya ambayo Mkenya wa kawaida huifikia ni ya miji midogo ya Uswidi, ya theluji mwezi wa Aprili, ya mshahara unaotosha kodi ya nyumba na kutuma kidogo nyumbani. Ni kazi ya halali na ya heshima. Ila si ndoto ile iliyochorwa ukutani kwenye kinyozi.

Mtu ambaye hadithi yake inanipendeza kuliko zote ni Mike Okoth Origi. Mwaka 2004 alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mzee miongoni mwa vijana, na pengine wapo waliojiuliza alifuata nini Tunisia. Alikuwa amepita safari ndefu. Alianzia Shabana ya Kisii, akaenda Oman mwanzoni mwa miaka ya tisini. Hapo watu wa Pwani tutatabasamu, maana njia ya Maskati sisi tunaijua tangu zama za majahazi, ila hatukutarajia mtu wa bara aipite akiwa na viatu vya mpira begani. Kutoka Oman akavuka mpaka Ubelgiji, akacheza Oostende, akacheza Genk, na vilabu vingine vidogo baada ya hapo. Mwaka 1995, akiwa huko Oostende, alizaliwa mwanawe, Divock. Mtoto huyo ndiye aliyeifungia Ubelgiji dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia la 2014 akiwa na miaka 19, na ndiye aliyefunga bao la pili la Liverpool dhidi ya Tottenham katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya tarehe 1 Juni 2019.

Twaweza kusema kwamba Okoth aliwekeza. Hakuwekeza katika baa wala katika magari ya kukodisha. Alibaki mahali palipokuwa na shule nzuri, viwanja vyema na hospitali, akamlea mtoto humo. Tena hakuwa wa kwanza katika ukoo wake kujua mpira: ndugu yake, Austin Oduor, alikuwa nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987 kwa kuishinda Espérance ya Tunis kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 huko Tunis na 1-1 Nairobi. Elimu ya mpira ilipita katika ukoo ule kama elimu ya kuunda majahazi ilivyopita katika koo fulani za Lamu. Mtu mmoja alijifunza, akamfunza wa pili, wa tatu akapata faida ambayo wa kwanza hakuiota.

Dennis Oliech hadithi yake ni nyingine, na inahitaji moyo mwepesi kuisimulia kwa haki. Alikuwa kijana wa miaka 18 alipofunga bao la kuifunga Cape Verde mwaka 2003, bao lililofungua njia ya kwenda Tunisia. Alichezea Qatar, na habari zilizojulikana na kila mtu wakati ule ni kwamba Waarabu wa huko walitaka kumpa uraia na fedha nyingi, akakataa. Akaenda Ufaransa: Nantes, kisha Auxerre, ambako alikaa tangu 2007 mpaka 2013 na kucheza Klabu Bingwa Ulaya msimu wa 2010-2011 dhidi ya Real Madrid, Milan na Ajax. Hakuna mshambuliaji wa Kenya wa kizazi chake aliyefika alikofika yeye. Januari 2019 alirudi nyumbani akajiunga na Gor Mahia, na mwaka uo huo akatangaza azma ya kuwania ubunge wa Kibra, azma ambayo haikufika kwenye karatasi ya kura.

Katika uchaguzi huo mdogo wa tarehe 7 Novemba 2019 alisimama mchezaji mwingine, McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Naye alishindwa. Baada ya miaka mitano, Desemba 2024, Mariga alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Kandanda la Kenya. Mimi nauona uchaguzi huu wa pili kuwa na maana kubwa kuliko ule wa kwanza. Mchezaji kutaka ubunge ni jambo la kawaida. Kila mtu anayejulikana katika nchi hii hutaka ubunge. Lakini mchezaji kuingia katika ofisi inayoamua kalenda ya ligi, mikataba na waamuzi, ofisi ambayo kwa miaka mingi imekaliwa na watu ambao hawakuwahi kutoka jasho uwanjani, hilo ni jipya kidogo. Tusisahau kwamba miezi michache tu baada ya ushindi ule wa Tunisia, katikati ya mwaka 2004, Kenya ilisimamishwa na FIFA kwa sababu ya ugomvi wa viongozi. Ikasimamishwa tena 2006, na tena 2022. Mchezaji aliyekuwa katika kilele cha nguvu zake mwaka 2004 alikuta mlango umefungwa na watu waliovaa suti.

Hao niliowataja ndio waliofanikiwa. Majina ishirini na zaidi yalikwenda Tunisia, na mengi nimeyapita kimya, kwa kuwa wenye majina hayo wamerudi kuwa raia kama mimi na wewe. Hilo si aibu hata kidogo. Ila kabla yao alikuwapo mtu mmoja ambaye maisha yake yanaweza kupimia deni letu.

Joe Kadenge alifariki tarehe 7 Julai 2019. Wanafunzi wa leo wanalijua jina lake kupitia usemi wa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyekuwa akiusimulia mpira redioni kwa namna ambayo chenga za Kadenge ziligeuka kuwa msemo wa taifa: Kadenge na mpira. (Mbotela mwenyewe, aliyefariki Februari 2025, alikuwa mtu wa kwetu, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, na mwana wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Nasikitika kwamba tunawasomesha watoto ushairi wa karne zilizopita na tunasahau kwamba nathari bora ya Kiswahili ya miaka ya sitini ilikuwa ikitungwa papo kwa papo, mpira ukiwa unatembea.) Kadenge alikuwa mchezaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Mwaka 2002 alipewa timu ya taifa aifundishe. Na kwa miaka mingi ya utu uzima wake alikuwa akiendesha teksi mjini Nairobi. Abiria aliingia, akaketi, akataja aendako, bila kujua kwamba mwenye kushika usukani ndiye yule ambaye babake alimsikiliza redioni kwa kushikilia pumzi.

Kazi ya teksi ni kazi njema. Linaloniudhi ni kwamba katika miaka yote ile mpira haukumwachia Kadenge hata kiinua mgongo. Alipofariki, viongozi walipanga foleni kutoa rambirambi.

Zama za Kadenge, mtu aweza kusema, mpira haukuwa kazi. Lakini ziko nchi ambazo ziliyamaliza mambo haya zamani. Huko Marekani, mchezaji wa besiboli wa ligi kuu anayetimiza siku 43 tu katika kikosi ana haki ya pensheni. Siku arobaini na tatu! Muda huo hautoshi hata kumaliza muhula mmoja wa shule. Haki hiyo haikutoka mbinguni. Ilipatikana kwa chama cha wachezaji kujadiliana na wenye timu mpaka wakatia sahihi. Kenya nayo inacho chama cha kutetea maslahi ya wachezaji, KEFWA, chenye uhusiano na chama cha kimataifa cha wachezaji. Kazi yake kubwa imekuwa kudai mishahara ambayo haikulipwa. Mtu anayedai mshahara wa mwezi uliopita hawezi kupata nafasi ya kudai pensheni ya miaka ishirini ijayo. SuperSport ilijitoa katika ligi yetu mwaka 2017, SportPesa ikajitoa 2019, na kila mdhamini anapoondoka anayelala njaa wa kwanza ni mchezaji.

Ajabu ni kwamba zamani, katika ule mpira tulioudharau kwa kuwa haukuwa wa kulipwa, mchezaji alikuwa na usalama fulani ambao wa leo hana. Timu nyingi zilikuwa za mashirika: za bia, za reli, za posta, za benki, za bandari. Kijana aliyechukuliwa na timu ya shirika alipewa mpira na pia kazi. Asubuhi alikuwa karani au fundi, alasiri alikuwa mshambuliaji. Siku goti lilipovunjika alibaki na kalamu yake au na spana yake. Hapa Pwani tunaijua Bandari ya Mombasa, timu ya mamlaka ya bandari, iliyotwaa Ngao ya shirikisho mwaka 2019. Kwa miaka mingi kijana wa Kilifi alipopanda matatu kwenda kujaribiwa katika uwanja wa Mbaraki, wazazi wake walikuwa wakiombea jambo jingine zaidi ya jezi. Walikuwa wakiombea ajira bandarini. Waliokuwa wakiwacheka kwa tamaa hiyo walikosa akili. Vilevile Ulinzi Stars, mabingwa wa 2003, 2004, 2005 na 2010, ni timu ya wanajeshi, na mwanajeshi akiacha mpira hubaki mwanajeshi, mwenye mshahara na mwenye pensheni. Sisemi turudi huko kabisa. Nasema tulipoyaacha mashirika tukakimbilia mpira wa kulipwa, tuliuchukua mpira na kuyasahau malipo.

Pana mtu mmoja ambaye ningependa picha yake itundikwe katika kila chumba cha walimu. Joe Masiga alikuwa mshambuliaji wa AFC Leopards na wa Harambee Stars mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ambayo Kenya ilitwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Alikuwa pia mchezaji wa raga wa kimataifa. Na katikati ya hayo yote alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi akisomea udaktari wa meno, kazi aliyoifanya baada ya viwanja kumwisha. Ukiwaambia wanafunzi habari hii hudhani unatunga. Wanajua kwamba mtu huchagua: ama kichwa ama miguu. Nani aliwafundisha hivyo? Jirani zetu wa Tanzania wana mfano kama huo: Leodegar Tenga, mlinzi wa Taifa Stars iliyokwenda fainali za Afrika huko Lagos mwaka 1980, alikuwa mhandisi, na akaja kuwa rais wa shirikisho la mpira la nchi yake tangu 2004 mpaka 2013.

Wapo watakaosema Masiga na Tenga walikuwa na akili za kipekee, na kwamba mfano wao unawavunja moyo watoto wa kawaida. Basi wamtazame George Weah wa Liberia. Huyu alichaguliwa mchezaji bora wa dunia mwaka 1995. Mwaka 2005 aligombea urais wa nchi yake dhidi ya Ellen Johnson Sirleaf, mama aliyesoma Harvard, na wapinzani wake hawakuchoka kumkumbusha mbele ya umma kwamba hakumaliza shule. Akashindwa. Weah hakununa. Alirudi darasani akiwa na miaka karibu arobaini, tajiri anayejulikana na dunia nzima, akapata cheti cha sekondari, kisha shahada. Mwaka 2017 alichaguliwa rais, akatawala tangu Januari 2018 hadi Januari 2024. Kama alitawala vyema au vibaya ni mjadala wa Waliberia. Ninalolitazama mimi ni lile dawati la shule alilolikalia mtu mwenye umri wa kuwa mzazi wa wanafunzi wenzake.

Jambo hili limekuwa la dharura zaidi sasa, kwa sababu mtaala wetu wa umilisi umeifanya michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Ni hatua njema. Lakini nina hofu kwamba katika shule nyingi za vijijini njia hiyo itageuzwa jaa, pahali pa kuwatupa wale ambao hisabati imewashinda, wapewe mpira mmoja na kiwanja chenye miiba. Sayansi ya michezo ni sayansi kweli. Anayetaka kuwatibu wachezaji misuli lazima aijue biolojia. Anayetaka kuwa kocha atapita ngazi za leseni za CAF, kutoka ile ya chini ya D hadi A, kwa masomo na mitihani. Mwamuzi hufanya mtihani wa sheria kabla ya ule wa mbio. Na mchezaji mwenyewe, asiyejua kusoma mkataba wa kurasa kumi na mbili, humpa wakala autie sahihi kwa niaba yake. Hapo ndipo fedha hupotea, si kwenye baa kama watu wanavyodhani.

Fedha nazo zipo siku hizi, japo zinakuja kama mvua ya Ganze. Katika mashindano ya CHAN yaliyofanyika Kenya, Tanzania na Uganda mnamo Agosti 2025, Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Wakaifunga Kongo, wakaifunga Morocco, wakaifunga Zambia, wakatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Nchi nzima ilizungumza juu ya mamilioni hayo. Sikusikia mtu akiuliza ni shilingi ngapi kati yake zilizokatwa na kuwekwa mahali ambapo mchezaji atazikuta akiwa na miaka hamsini. Mwajiriwa wa chini kabisa katika mashamba ya chumvi ya Gongoni hukatwa NSSF mwajiri wake akiifuata sheria. Shujaa wa taifa hukabidhiwa fungu lake lote kwa siku moja akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, simu yake ikilia tangu alfajiri.

Mwalimu mmoja wa shule ya upili upande wa kusini wa mto Sabaki aliniuliza afanyeje na mwanafunzi wake wa miaka kumi na sita ambaye ameitwa na klabu ya Mombasa kwenda kujaribiwa. Babake anataka aende, mamake anataka amalize shule, naye mwalimu analala macho. Nilimwambia amwache aende, lakini amsindikize yeye mwenyewe au mzazi, likizo ya Agosti, wala si katikati ya muhula. Wakifika wasianze kuuliza habari za mshahara. Waulize shule atakayosoma ni ipi na nani atakayelipa karo. Waulize akiumia goti atapelekwa hospitali gani, na bili itakuwa ya nani. Waulize mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na kama wataruhusiwa kwenda nao nyumbani wausome kwa wiki moja kabla ya kutia sahihi. Kisha waombe kuonyeshwa mchezaji mmoja wa zamani wa klabu hiyo, aliyestaafu miaka kumi iliyopita, wakae naye wanywe chai. Klabu ikiyajibu hayo bila kukunja uso, kijana na abaki afanye majaribio yake kwa moyo mkunjufu. Ikishindwa, magari ya Malindi hayakosekani mpaka usiku.